Miraba Myeusi ya Mzee wa Herufi

Kiwandani tulimwita Mzee wa Herufi. Jina lake la cheti nililiona mara moja tu, kwenye orodha ya likizo iliyobandikwa mlangoni, na nilishangaa kidogo kuona kwamba alikuwa na jina kama watu wengine.

Kiwanda chenyewe kilikuwa chumba kirefu cha mabati nyuma ya stesheni ya reli ya Kisumu. Mwanzoni mwa miaka ya themanini tulichapa humo kadi za harusi, vitabu vya risiti, na gazeti dogo la Kiswahili lililotoka mara moja kwa mwezi. Kazi ya Mzee ilikuwa kupanga herufi za madini ya risasi kwa mkono, moja baada ya nyingine, mpaka ukurasa ukasimama. Kazi yangu mimi ilikuwa kusoma prufu, yaani ile karatasi ya kwanza ya kujaribia, na kuwinda makosa kabla mashine haijayazidisha mara elfu.

Msidanganyike kwamba watu walilinunua gazeti letu kwa ajili ya habari. Habari zetu zilikuwa zimeshapoa kabla hata hazijachapwa. Walilinunua kwa ajili ya ukurasa wa mwisho, ambapo Mzee aliweka fumbo la maneno alilolitunga mwenyewe: miraba myeupe ya kujaza herufi, miraba myeusi ya kutenganisha maneno, na vidokezo chini yake, vya mlalo upande huu na vya wima upande ule. Toka Awasi hadi Port Victoria palikuwa na watu waliofungua gazeti lile kuanzia nyuma, wakaishia hapohapo.

Nitangulize jambo moja ili msomaji asinione mwema kupita kiasi. Mtu huyu nilimkosea. Kosa lenyewe lilikuwa la dakika kumi, nami nikalinyamazia kwa miaka mitano. Leo nikimkumbuka nacheka, lakini kicheko hiki nilikipata kwa tabu.

Nianze na vidokezo, maana hapo ndipo roho yake ilipokuwa. Mzee hakuamini kidokezo chochote mpaka kipite kwa Mama Samaki, aliyekaanga ngege na omena nje ya lango letu. Saa nne, wakati wa chai, Mzee angetoka na kijikaratasi, mikono imejaa weusi wa risasi, asimame karibu na karai.

"Haonekani, lakini huvua watu kofia," angesoma. "Herufi tano."

"Huyo ni mwizi," Mama Samaki alijibu siku hiyo, bila kuinua macho kutoka kwenye mafuta.

"Mwizi anaonekana, Mama. Ni vile wewe hujamwona."

"Basi ni nani?"

"Upepo."

Mama Samaki alikaa kimya kidogo. Kisha akajipiga paja kwa ule mkono usio na kijiko. "Yawa! Mzee huyu ataniua!" Na Mzee akarudi ndani ameridhika. Kidokezo kilikuwa kimefaulu.

Sheria yake ilikuwa hiyo. Ukimwambia mtu jibu, anyamaze kwanza, halafu acheke. Akilijua mara moja, kidokezo ni chepesi. Akikasirika, kosa ni la mtungaji. Nakumbuka mara moja alitumia neno zito la zamani alilopewa na Maalim wa madrasa iliyokuwa barabara ya pili, mtu wa asili ya pwani aliyekuwa rafiki yake na hakimu wake wa Kiswahili. Neno lilikuwa zuri, lilikaa vizuri kwenye pembe. Lakini Mama Samaki alipoambiwa jibu alikunja uso. "Hiyo neno umetoa wapi? Hiyo ni kunionea." Mzee hakubishana. Aliivunja pembe nzima, maneno manane, akaijenga upya kwa siku tatu.

Maalim alipolalamika kwamba lile lilikuwa Kiswahili safi, Mzee alimjibu, "Ni safi, Maalim. Lakini mtu wa Obunga ametoka kubeba mizigo siku mzima, ananunua gazeti apumzike. Hatuwezi kumtusi kwa hii miraba."

Hapo msomaji ameshaona kioja chake cha kwanza. Kwenye karatasi, Kiswahili cha Mzee kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba hata Maalim alikisoma kwa sauti ili akisikie. Mdomoni alisema "hii miraba" na "siku mzima" kama sisi sote, akichanganya na Dholuo pale alipotaka kugomba. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama niliyeuliza kwa nini havai suti kitandani.

Kioja cha pili ni drafti. Mtu huyu aliyekuwa na huruma yote duniani kwa wasomaji asiowajua, ukicheza naye drafti alikuibia mchana kweupe. Ukipiga chafya, kizibo chake cha soda kilikuwa kimesogea. Ukilalamika, alikuambia eti fumbo lina watu wengi wa kuheshimiwa, lakini kwenye drafti uko wewe tu.

Alikuwa pia na kipawa cha kutisha cha kusoma maandishi yaliyogeuzwa. Herufi za risasi hupangwa kinyumenyume, kichwa chini, na baada ya miaka mingi macho yake yalikuwa hayajali tena upande. Alisimama mbele ya meza ya Meneja akijibu maswali ya kawaida, huku anasoma barua zilizotazama upande wa pili. Mimi nilithibitishwa kazini siku ya Jumanne. Mzee alikuwa ameshanipongeza tangu Ijumaa.

Na alikuwa na ugomvi wa kudumu na herufi A. Masanduku yetu ya herufi yalitoka ng'ambo, yamejazwa kwa mahitaji ya Kiingereza. Herufi E zilikuwa tele hata zikatushinda pa kuziweka, lakini A zilikuwa za kuhesabu, na Kiswahili kinakula A kama mtoto wa shule ya bweni. Kila mwezi fumbo jipya lilichapwa pamoja na majibu ya fumbo lililopita, na majibu hayo yalihitaji herufi kubwa, moja kwa kila mraba. Kwa hiyo Mzee alitunga akiwa na hesabu ya A kichwani. Alilitamani neno "karabai", ile taa ya wavuvi wa usiku, kwa muda mrefu. Kidokezo alikuwa nacho tayari, "Huita omena bila sauti," na kila aliyekisikia alikipenda, lakini neno lenyewe lilimeza A tatu. Alingoja miezi miwili mpaka ulipokuja mwezi wenye vichwa vya habari vifupi. Gazeti lilipotoka, ilikuja barua kutoka kwa mvuvi wa Port Victoria, aliyesema amewasomea kidokezo kile wenzake wote ufuoni na hakuna aliyekipata, ingawa karabai zenyewe zilikuwa zimewekwa miguuni pao. Barua ile Mzee alitembea nayo mfukoni mpaka ikachakaa kwenye mikunjo.

Lakini kama ungetaka kumwona akiwa na furaha kamili, ungemkuta akipanga miraba myeusi. Aliikata yeye mwenyewe kutoka vipande vya risasi, akaisugua ikawa sawa, akaiweka kwenye kopo la kakao. Mmoja ulikuwa umemeguka pembe, na hakuutupa. Aliuweka kila mara ukingoni ambako hautaonekana sana. Aliniambia kwamba watu hudhani fumbo ni maneno. Maneno, alisema, ni watu wanaoishi ndani. Miraba myeusi ndiyo nguzo za nyumba, na ukiondoa nguzo moja watu wa chumba hiki wataangukia chumba kile. Tena aliipanga kwa namna ambayo ukiligeuza gazeti kichwa chini, weusi unakaa vilevile. Alijifunza hivyo peke yake, kutoka magazeti ya zamani ya kigeni yaliyokuja yamefungia vipuri vya mashine.

"Na nani ataona?" nilimuuliza.

"Mimi nitaona," alisema.

Na pembe ya chini, ile ya mwisho kabisa, siku zote aliacha neno rahisi. Alisema msomaji akifika huko amechoka, apewe kitu cha kwenda nacho nyumbani.

Kitu kimoja hakukigusa: matangazo ya vifo. Yalikaa kwenye ukurasa wa kabla ya mwisho, yaani nyuma ya fumbo lake, kwenye karatasi ileile. Alikataa kuyapanga, na Meneja alishamzoea. "Hao wapangwe na mtu mwingine," alisema. Gazeti likitoka hakuyasoma. Aliikunja ile karatasi ili fumbo libaki juu na vifo vibaki ndani. Tulimtania kwamba anaogopa kukutana na jina lake mwenyewe. Hakucheka sana. Matangazo yale, basi, yakawa kazi yangu. Nilijifunza kuyapanga nikiwa nimesimama kando yake, yeye amenipa mgongo.

Sasa niseme lile kosa langu, la Ijumaa moja.

Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea ukingoni. Mzee alikuwa na kaka yake Awasi, fundi cherehani, ambaye akili ilianza kumtoka. Alianza kwa kushona mikono ya shati pasipo na mikono. Baadaye akawa anatoka asubuhi na kusahau nyumba yake iko wapi, na watu wanamrudisha. Mzee alikuwa akienda kumwona na kurudi amenyamaza. "Anajua kila kitu cha zamani," aliniambia mara moja. "Lakini ile amefanya sasa hivi, anaona iko sawa. Hiyo ndiyo mbaya. Anaona iko sawa." Ijumaa ile alipata habari kwamba kaka yake amepotea tena. Alifunga ukurasa wa fumbo kwenye fremu yake ya chuma, akapiga prufu, akaikagua kidogo kidogo kama kawaida, akanikabidhi ufunguo wa chumba cha herufi, akaenda.

Saa tisa wakaja watu wa marehemu mmoja, tajiri wa maduka. Mwanawe mkubwa aliweka picha mezani kwangu.

"Tunataka laini nyeusi ile nene kuzunguka tangazo, pande zote nne," alisema.

Nikamwambia nina vyuma vya mstari mnene vya kutosha pande mbili tu. Vingine vilikuwa vimepinda.

"Wale wa mwezi jana mliwawekea pande nne. Nimeona na macho yangu. Sisi sasa tuonekane hatukumpenda baba yetu?"

Anayejua watu wa ziwa na mambo ya matanga anajua kwamba huo haukuwa mzaha. Meneja alikuwa amesimama mlangoni akinitolea macho. Wiki ileile ilisemekana kuna mashine mpya inakuja na baadhi yetu wataondoka. Mimi nilikuwa na mama na wadogo zangu wawili nyumbani Obunga, wote wakinitazama mimi.

Niliingia chumba cha herufi. Kopo la kakao lilikuwa tupu. Miraba myeusi yote ilikuwa kazini, ndani ya fumbo, imefungwa vizuri. Nikailegeza ile fremu. Nikachomoa miraba myeusi kumi na miwili, na mahali pake nikatia miraba mitupu ili ukurasa usibomoke. Ile myeusi nikaipanga kwa safu mbili, ikakamilisha pande mbili za tangazo. Nikapiga prufu, wale jamaa wakaitazama, wakaridhika, mmoja akalia. Nilikuwa nimekusudia kuja mapema Jumamosi, nikiwa na vipande vya ubao ambavyo fundi wa jirani aliniahidi, niweke ubao kwenye tangazo na kurudisha kila mraba nyumbani kwake. Prufu ya Mzee ya asubuhi niliiona mezani. Ilinionyesha mahali sahihi pa kila mraba.

Jumamosi mtu wa mashine alifika kabla yangu. Magazeti yalitakiwa kuwahi meli ya Homa Bay, naye hakuwa na sababu ya kungoja. Nilipofika, mabunda yalikuwa yameshafungwa kamba. Prufu ya Mzee ilikuwa imechukuliwa pamoja na karatasi chakavu, kama kila Jumamosi, na Mama Samaki alikuwa ameshafungia nayo omena za watu.

Jumatatu asubuhi Meneja alimsimamisha Mzee mbele ya kila mtu na kufungua gazeti. Fumbo lilikuwa limeporomoka. Maneno yaliingiliana, mistari ilikwenda bila mwisho, namba za vidokezo zilielekeza pasipo na kitu. Nilikuwa nimefungua mdomo. Naapa nilikuwa nimefungua mdomo niseme. Lakini Mzee alilichukua gazeti, akalitazama kwa muda mrefu, na nikaona rangi ikimtoka usoni.

"Ni mimi," alisema. "Nilipiga prufu. Niliangalia. Niliona iko sawa."

Nikafunga mdomo. Niliona aibu ya kusema, na baada ya dakika moja nikaona aibu ya kuchelewa dakika moja, na hivyo ndivyo mtu anavyofikisha miaka mitano.

Tangu siku ile hakutunga fumbo tena. Meneja mwenyewe alimbembeleza, wasomaji wakaandika barua, Maalim akaja na orodha ya maneno mepesi. Alikataa kwa upole. Baada ya nusu mwaka alivua aproni, akarudi upande wa Port Victoria, kwenye shamba lake na kwa mke wake. Mashine mpya ilikuja baadaye, ile isiyohitaji risasi, na mimi nikajiambia kwamba angeondoka tu. Nilijiambia hivyo kila nilipopita penye kabati la herufi, na kila mara nilijiambia kwa haraka.

Aliyenitoa pangoni ni Mama Samaki. Omena zake zilitoka Port Victoria, na pamoja na omena zilikuja habari.

"Yule mzee wetu amejifungia," aliniambia siku moja, akinipa kipande changu cha ngege. "Haendi popote peke yake. Anasema akili imeanza kwenda kama ya ndugu yake."

"Amesahau nini?"

"Hajasahau kitu! Lakini anasema alijua siku ile ya fumbo. Eti tangu siku hiyo anangoja tu."

Yule samaki sikumla. Usiku huo nilielewa jambo ambalo ningelijua miaka mitano mapema kama ningekuwa na moyo wa kulitazama. Nilidhani nimempokonya sifa tu. Kumbe nilimwambia mtu mzima, mwenye akili zake zote, kwamba anaanza kupotea, na yeye akaniamini. Jumamosi iliyofuata nilikwenda.

Nilimkuta ameketi kibarazani. Alikuwa amekonda, lakini shati lake lilikuwa limepigwa pasi, na mfukoni palikuwa na kadi ngumu iliyochungulia. Chini kwenye ufuo, magugumaji yalikuwa yameziba maji mpaka mbali, kijani kitupu, na mitumbwi imekwama kando.

"Baba, uko na mgeni kutoka Kisumu," mke wake alisema.

Alinitazama. "Huyu ni msoma prufu," alisema, na uso ukamchangamka. Kisha akamgeukia mkewe, polepole. "Donge? Ni yeye?"

Hilo "ni yeye" liliniumiza kuliko matusi yoyote. Mke wake akanieleza, Mzee akisikiliza kama tunamsema mtu wa tatu, kwamba mlango hufungwa kwa nje anapokwenda sokoni, kwamba ziwani hashuki peke yake, na kwamba ile kadi ameiandika mwenyewe. Aliitoa akanionyesha. Ilikuwa na jina, kijiji, na maneno kwa ule mwandiko wake wa herufi zilizosimama: Mwenye kadi hii akionekana amepotea, tafadhali mrudisheni nyumbani.

Sikungoja chai. "Mzee," nilisema, "lile fumbo hukuliharibu wewe. Ni mimi. Nilitoa miraba baada ya wewe kwenda Awasi."

Nilimweleza yote, tangu wale jamaa wa marehemu mpaka meli ya Homa Bay. Aliposikia yote alitikisa kichwa, akanigusa mkono, akanishukuru kwa Dholuo kama mtu anayemshukuru mwanawe.

"Ero kamano, nyathina. Umekuja mbali kunihurumia. Watu wote wananihurumia. Lakini mimi niliangalia ile prufu."

"Uliangalia, na ilikuwa sawa!"

"Hata ndugu yangu alikuwa akisema hivyo."

Nilianza kulia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, atukane, anifukuze, anisamehe. Sikujiandaa kwamba hataniamini. Ndipo nikamuuliza kama bado analo lile gazeti. Alikuwa nalo. Mke wake alilileta kutoka chini ya godoro, limekunjwa kwa ile mikunjo yake ya siku zote, fumbo juu, mengine ndani. Kila wiki, alisema, analitazama ili aone ni mahali gani hasa akili ilimponyoka. Nguzo zilizokosekana alishazihesabu.

"Kumi na mbili," alisema.

"Sasa geuza karatasi," nilimwambia.

Alipojua anatakiwa kutazama nini, aligeuza uso ukutani. Ni mke wake aliyeifungua ile karatasi, akailaza mapajani mwake, na kumwambia kwa Dholuo maneno mafupi ambayo sitayatafsiri. Mzee akatazama.

Mstari wa chuma huchapa weusi mmoja mrefu, usio na kiungo. Pande mbili za tangazo zilikuwa hivyo. Pande nyingine mbili zilikuwa na nyufa nyembamba nyeupe, kila baada ya kipande. Msomaji wa kawaida asingeziona. Kucha ya Mzee ilizipata kabla ya macho yake. Ilianza juu, ikashuka, ikisimama kwenye kila ufa, midomo ikihesabu bila sauti. Sita. Ikahamia upande wa pili. Ilipofika kwenye kipande cha mwisho ikatulia, maana kipande kile kilikuwa kimemeguka pembe.

"Hii ni yangu," alisema.

Aliondoa kucha karatasini. Kisha akanigeukia, na macho yake yalikuwa makali, yaleyale ya kusoma barua za Meneja.

"Miaka mitano, nyathina. Miaka mitano nimejichunga kama ng'ombe! Ungesema hata siku ya pili. Hata ya tatu."

"Ndiyo, Mzee."

"Ulikuwa unaogopa kazi."

"Ndiyo, Mzee."

"Na mimi nilikuwa naogopa hii." Akajigonga kichwa kwa kidole, mara mbili.

Sikuomba msamaha kwa ufasaha. Nilikuwa nalia tu. Aliyetuokoa ni mke wake. Alikuwa amekaa na gazeti mapajani, akitazama mlango wa nyumba yake na ile kufuli inayoning'inia kwa nje.

"Kwa hivyo," alisema taratibu, "nimekuwa nikikufungia mlango bure?"

Mzee alinyamaza kwanza. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na mkewe akacheka akijifuta macho kwa leso, na mimi nikahisi mzigo wa miaka mitano unanishuka mabegani, nikavuta pumzi ambayo nadhani sikuwa nimeivuta tangu Jumamosi ile ya mabunda. "Bure kabisa, Mama," alisema alipopata sauti. "Bure kabisa."

Hakuniambia kwamba amenisamehe. Alininyooshea mkono tu, na nikaelewa anataka kalamu yangu. Akaitoa ile kadi mfukoni, akaigeuza upande usio na maandishi, akaanza kuchora miraba, midogo, iliyonyooka, bila rula. Myeusi aliijaza kwanza. Kisha akainua kichwa na kutazama kule ufuoni.

"Hii takataka imejaa kwa ziwa," alisema, "kwa Kiswahili mnaita aje?"

"Magugumaji."

Akahesabu kwa vidole juu ya goti, midomo ikicheza.

"Kumi," alisema. "Na A ni mbili tu."